Ukoko ni Haki ya Mpishi

Wali ukipikwa kwa kuni, ukafunikwa na kupaliwa makaa juu ya kifuniko, chini ya sufuria hubaki ukoko. Kwetu Ifakara hakuna anayeuliza ukoko ni wa nani. Ni wa mpishi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa na moshi. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa bado msichana wa kuchochea kuni, akaongeza na fundisho la pili: kuonja si kula. Katekisimu nimesahau sehemu kubwa, lakini mafundisho hayo mawili niliyashika barabara, na kwa hayo nikakaribia kummaliza mume wangu. Wala yeye hakuwa mgonjwa. Mgonjwa nilikuwa mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mama ntilie pale Mlabani, na kibanda changu kilitazamana na baraza la duka ambako mume wangu alikuwa akinyoa. Yeye alikuwa na kiti cha mbao, kioo kilichopasuka pembeni, mkasi, mashine ya mkono na nyembe zake. Mimi nilikuwa na wali, samaki, maharage na mdomo. Watu walinyolewa kwake wakavuka kuja kula kwangu, au walikula kwangu wakavuka na shibe yao kwenda kusinzia kwenye kiti chake, akawanyoa wakikoroma. Binti yetu alikuwa shule ya bweni Mahenge. Nyumbani tulibaki wawili, tunataniana kutwa.

Nilikuwa mnene, na nilijivunia. Miaka ile unene ulikuwa cheti. Ukimwi ulikuwa unapita nyumba kwa nyumba, na mtu akipungua mashavu kidogo tu, watu walikuwa wanaambiana kwa sauti ya chini kwamba amekanyaga waya. Kwa hiyo nilipopita mimi na shingo yangu yenye mikunjo, walisema mwili umenikubali. Wateja nao waliniambia hawawezi kumwamini mpishi mwembamba. Nilicheka, nikawaongezea mchuzi.

Kisha ikaja kiu. Nilikunywa maji kama ng'ombe aliyeswagwa kutoka mbali. Kwenda haja ndogo ikawa ndiyo kazi yangu, na usiku nilikuwa mvivu wa kufika chooni, nikawa najisaidia nyuma ya nyumba. Asubuhi moja mume wangu akaniita nje. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari mpaka pale pale.

"Mke wangu," akasema, "hawa wadudu wana akili. Wamegundua kabla yangu kwamba wewe ni mtamu."

Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Halafu akaacha kucheka, akanipakia kwenye baiskeli kunipeleka hospitali, na penye mchanga alishuka akasukuma, jasho linamtoka, bila kusema neno juu ya uzito wangu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akasema ni ugonjwa wa sukari. Nikamjibu upesi kwamba basi nimeacha sukari leo leo, hata chai nitakunywa hivyo hivyo. Akatikisa kichwa.

"Mama, si sukari ya kwenye chai peke yake. Ni wali. Punguza wali. Kwa mlo mmoja usizidi kiasi cha ngumi."

"Ngumi ya nani, daktari? Maana sokoni kuna wapakia magunia."

Daktari akacheka, muuguzi akacheka, mume wangu akacheka. Mimi niliyechekesha nilikuwa nimeshikwa na hofu ambayo sikuijua hata siku ya kujifungua. Mtu wa Kilombero ukimwambia aache wali, umemwambia aache kula. Akikuambia hajatia kitu mdomoni tangu jana, mwulize vizuri. Huenda amekula mihogo, magimbi na ndizi, ila hajala wali. Na mimi nilikuwa nimezidi hapo. Nilijijua. Wengine walikula wali wakashiba. Mimi sikuwahi kujua shibe ya wali iko wapi. Nilikuwa naacha kwa sababu sufuria imekwisha.

Njiani mume wangu alisimamisha baiskeli mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, pale penye harufu ya pumba mpya, kana kwamba amechagua mahali.

"Siwezi kula wali mbele yako nawe umekatazwa," akasema. "Kuanzia leo ni chungu kimoja. Utakachokula ndicho nitakachokula."

Huyo ni mtoto wa wakulima wa Lupiro, ng'ambo ya mto, aliyeota meno kwa uji wa mchele. Nilimwambia hana haja. Akasema mgonjwa hali peke yake. Na kweli, jioni ile ile tulikula ugali mdogo wa dona, majani ya maboga na samaki wa kuchemsha. Alitafuna polepole, akaniambia ni mtamu. Kudanganya alikuwa hajui kabisa, na nilimpenda kwa hilo. Ahadi yake aliitimiza pia mchana: nikipakua wali wa wateja, yeye nilikuwa nampelekea ng'ambo ya barabara ugali wake na mboga, anakula palepale barazani, watu wakimtania kwamba kinyozi amekosana na mkewe.

Lakini kutoka barazani aliweza kuniona mpaka mlangoni tu. Nyuma ya mlango ndiko kulikokuwa na mafiga.

Siku ya kwanza nilivumilia hadi wateja walipoondoka. Nilikuwa naosha vyombo. Nikatia mwiko kukwangua sufuria, na ile sauti ya mwiko chini ya sufuria ikaniingia mwilini. Kipande kikabanduka, cha rangi ya kahawia, kimekauka upande mmoja na upande wa pili kina mafuta. Nikasema naonja. Kuonja si kula. Nilipokuja kushtuka nilikuwa nimepiga magoti, sufuria iko mapajani, nimechovya ukoko wote kwenye mchuzi wa samaki uliobaki, na vidole vinauma kwa kukwangua. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikasukutua, nikaenda kula ugali wangu mdogo na mume wangu kwa uso wa mtu aliyefunga Kwaresima.

Niliapa siku hiyo. Na nyingine. Asubuhi nilikuwa namwaga machozi ya kweli, najiambia kwamba leo ukoko nitampa jirani mwenye bata. Kufika saa za mchana yule wa asubuhi simwoni tena, yupo mwingine, anaharakisha wateja waondoke. Nilianza kupika kwa makusudi: nazidisha moto kidogo ili ukoko uwe mnene. Nikaanza kununua mchele mwingi kuliko wateja nilionao. Mtu akinikuta ninatafuna nilisema ninapima chumvi, na nani atamhoji mpishi? Mlevi hufuatwa na harufu ya pombe. Mimi nilikuwa nanukia wali, na nilikuwa nauza wali.

Hivyo ndivyo tulivyoishi chungu kimoja. Mimi sikupungua hata chembe. Mume wangu, aliyekuwa anakula cha mgonjwa kwelikweli na kusimama kutwa, akaanza kukwisha. Mashavu yalitangulia. Kisha shati likawa linamning'inia mabegani, na siku moja nikamwona anatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari. Nilimwambia ale wali kidogo. Akakataa. "Wewe je?" akaniuliza. Nikainamisha macho, naye akadhani ni huzuni.

Tuliporudi hospitali, sukari yangu ilikuwa juu kuliko mwanzo. Daktari akaniuliza kama ninafuata masharti. Kabla sijafungua mdomo mume wangu akajibu, kifua mbele:

"Anafuata, daktari. Mimi ni shahidi. Tunakula chungu kimoja."

Daktari akamtazama yeye, akanitazama mimi, akarudi kwake. Akamwuliza kwa upole, "Na wewe baba, umeshapima damu?"

Mume wangu alicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemfanya mtu mkweli atoe ushahidi wa uongo, na ushahidi huo ulikuwa umemgeukia yeye. Ningeweza kusema pale pale. Sentensi moja tu ilitosha. Badala yake nilimwuliza daktari habari za ganzi iliyokuwa imeanza miguuni mwangu.

Kiti cha kinyozi kikaanza kupoa. Kwanza wateja walikuja na nyembe zao wenyewe, na hilo halikutushtua, maana redio ilikuwa inahimiza hivyo. Kisha wakawa wanapita upande wa pili wa barabara wanampungia mkono. Mmoja alisema anafuga nywele. Mwingine, mtu mzima wa Kipogoro tuliyekuwa tukisali naye jumuiya moja, alimwambia amejifunza kujinyoa, na kichwa chake kilikuwa na makovu ya kushuhudia. Mume wangu hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Kila jioni alifagia chini ya kiti ambako hapakuwa na unywele hata mmoja. Mimi nilikuwa namwona kutoka kibandani, mdomo wangu ukiwa umejaa.

Aliyenieleza ni mfugaji mmoja wa Kisukuma. Alikuwa amehamia bondeni na ng'ombe wake, na kila alipokuja mjini alikula kwangu. Hakuwa mtu wa kunong'ona. Akanawa mikono, akamtazama mume wangu ng'ambo, akanitazama mimi.

"Mama, nikuulize," akasema. "Ng'ombe wawili wanalala zizi moja, wanakula jani moja. Mmoja ananawiri, mwenzake mbavu zinahesabika. Mimi hapo siulizi jani tena. Nauliza ugonjwa."

Nikajifanya nasikia moshi machoni. Kumbe hicho ndicho kilichokuwa kinazungumzwa Mlabani nzima. Ingekuwa tumekonda wote wawili, wangesema maisha magumu. Lakini mke ana mgahawa, mke ananenepa, na mume anakonda naye wanakula pamoja. Basi si njaa. Mwili wangu ndio uliokuwa ukimshtaki, kila nilipopita nao barabarani ukitikisika, na mimi niliujua ukweli na nikaendelea kupita. Niliona haya kuliko nilivyomhurumia. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa tayari watu wamwone mume wangu anakufa kuliko waambiane kwamba mimi nalamba sufuria.

Maneno hayana haja ya pantoni, yalivuka mto yenyewe mpaka Lupiro. Alasiri moja mama mkwe akatokea, kitenge kimelowa matope pindoni, kichwani kikapu cha mchele mpya. Nilipiga goti, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anamtazama mwanawe. Akamwambia avue shati. Mtu mzima, kinyozi mwenye mke na mtoto, akavua shati mbele ya mama yake kama mtoto wa kupimwa kliniki. Yule mama akapitisha kiganja mbavuni, akamrudishia shati, akaingia chumbani kwetu. Nilipomfuata nilimkuta anakunja nguo za mwanawe kwenye kanga.

"Namchukua," akasema. "Sikulaumu wewe, magonjwa ni mengi siku hizi. Lakini mwanangu atakufia mikononi mwangu, kwetu."

Sijui kilichonifungua mdomo. Pengine ni vile alivyokuwa anakunja lile shati, taratibu, mikono ndani.

"Mama, hana ugonjwa," nikasema. "Ana njaa."

"Njaa?" Akageuka. "Ifakara? Mkewe anapika wali wa mji mzima?"

Nikamwambia yote. Ngumi ya daktari, chungu kimoja, ukoko. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipapasa bega.

"Mkwe wangu, unamsitiri mumeo, Mungu akubariki. Wafiche majirani, usinifiche mimi. Wali haujawahi kumshinda mtu. Ukishiba unaacha."

Nilikuwa nimekuja kukiri kosa, na napewa baraka. Nikamshika mkono nikampeleka kibandani, nyuma ya mlango, na kufunua sufuria iliyokuwa ikisubiri kuoshwa. Nilitaka kumwonyesha tu nilivyokuwa nikifanya. Nikabandua kipande cha kwanza ili aone. Cha pili sikukila ili aone. Wala cha tatu. Nililia na kutafuna, pua zinachuruzika, nasikia yeye amesimama nyuma yangu, na mkono wangu hausimami. Ilipokwisha nikainua uso. Mume wangu naye alikuwa amesimama mlangoni, mfagio mkononi.

Mama mkwe ndiye aliyesema kwanza, na si kwa ukali.

"Kwetu, mtu anayenenepa huku wa nyumbani mwake anakwisha, ana jina lake." Jina lenyewe, la kichawi, hakulitaja. Kila mtu wa bonde lile analijua.

Mume wangu hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alitazama sufuria, akatazama vidole vyangu.

"Ulikuwa unaniona," akasema. "Nimekaa pale mbele yako, unaniona."

Akavuka barabara akakaa kwenye kiti chake cha wateja, akakipa kioo mgongo, mpaka jua likazama.

Kwenda kuwatangazia watu hakukuwa na maana. Ikiwa mama mzazi hakuamini mpaka aone, Mlabani wangeamini nini? Shahidi aliyebaki ni mwili wake. Mama mkwe akafungua kile kikapu cha mchele, akanikabidhi, akasema, "Mpikie." Hakumpikia yeye mwenyewe, wala hakusema nisiguse. Akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua mboga yangu.

Nikampikia mume wangu wali kila siku, mchana na jioni, na yeye akaula barazani hadharani, sinia magotini, kila apitaye aone. Kwa siku za mwanzo alikula bila kunitazama. Mimi nilikula dona langu ndani. Nikishapakua tu, sufuria ikiwa bado juu ya moto, nilikuwa namimina maji ndani kabla mkono haujapata wazo. Ukoko ukilowa unakuwa uji wenye harufu ya kuungua, bata tu ndio wanaoupenda. Isiwe nimejisifu: zipo siku nilikunywa hata uji huo. Nilisimama kando ya ndoo ya bata na upawa, mwanamke mzima. Mama mkwe aliniona mara moja. Alisogeza ndoo kwa mguu, akaendelea kuchambua mchicha.

Kabla mpunga wa msimu uliofuata haujachanua, mume wangu alikuwa ameacha lile tundu la msumari na kurudi kwenye matundu ya zamani. Mashavu yakajaa. Mama mkwe akarudi Lupiro. Wateja nao wakarudi, mmoja mmoja, kila mtu ana kisingizio; yule wa makovu kichwani alikuja wa kwanza, akakaa akasema mikono yake haina kipaji. Mume wangu akamnyoa bila kinyongo. Jioni alifagia nywele nyingi, nikamsikia anapiga mluzi.

Na mimi nikaanza kupungua. Shingo ikapoteza mikunjo, magauni yakanipwaya. Sukari ilishuka, ila ganzi ya vidole vya miguu ilikuwa imeshaweka makazi, na vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuja kukatwa baadaye. Mtu anaweza kudhani watu walinipongeza. Wateja wangu walianza kushiba haraka. Wakawa wanaagiza chai tu, halafu hata chai hawamalizi. Siku moja mwanamke niliyekuwa nikimuuzia maharage alitoa kikombe chake mwenyewe kwenye kikapu. Yule Msukuma, kwa ukweli wake, akaniletea habari kamili: watu wanasema kinyozi alikwenda kwa mganga, ugonjwa umehamishwa, ameachiwa mke.

Mume wangu aliposikia alisimama, akakung'uta nywele kwenye aproni yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kumwona amekasirika kwa ajili yangu.

"Nakwenda kuwaambia," akasema. "Jumapili, baada ya misa, mbele ya watu wote."

"Utawaambia nini?" nikamwuliza. "Kwamba mama ntilie ana njaa?"

Tulikuwa jikoni, wali wake nimeshaupakua, na kwa kusikiliza habari hizo nilikuwa nimesahau maji. Aliona macho yangu yalipokwenda. Akachukua ndoo, akamimina mwenyewe, ukoko ukapiga kelele chini ya maji. Akakaa kwenye kigoda cha mama yake, pembeni yangu, sinia lake likipoa, mpaka uliponyamaza.